Kitabu cha Baridi cha Kupeleka Ziwani

Jumatatu, 6 Oktoba

Kaptula za shule tangu asubuhi. Kaki, kaki, kaki. Wenzangu wanashona, mimi nasoma kwa sauti. Ndio mpango wa atelie yetu ya ushonaji tangu walipoyaona mapindo yangu. Mama Sifa aliinua kaptula niliyoshona mbele ya wote, akasema itamfaa mtoto mwenye mguu mmoja mfupi. Tangu siku ile nimeachiwa vitabu na vifungo. Wananiita Mama Kitabu. Sawa tu.

Macho yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Papo hapo. Kiingereza changu ni cha kuokoteza humu kambini, Bukavu tulisomeshwa kwa Kifaransa. Nisipoelewa, najazia. Nikikuta mtoto anakufa, simuui. Hilo silisemi kwa mtu. Miaka yote hii hakuna mtoto aliyekufa katika atelie yetu.

Na sisomi mbele. Kamwe. Nikijua mwisho, uso unanisaliti, akina mama wanaanza kulia kurasa ishirini kabla ya wakati. Nachagua kitabu kwa jalada, maneno ya nyuma, ukurasa wa kwanza. Basi.

Leo tumemaliza kile cha mjane tajiri. Mama Sifa kalia. Mimi nilikuwa nimeshamchoka yule mjane.

Halafu pasta kaingia na habari. Kanisa moja la Lilongwe linatuazima nyumba yao ya kando ya ziwa, Salima. Mwisho wa mwezi, siku tatu, akina mama wote wa atelie. Ruhusa za kutoka kambini ataomba mwenyewe. Kelele! Mashine zote zilisimama. Tunaishi nchi yenye ziwa kubwa namna ile na wengi wetu hatujawahi kutia hata kidole.

Mama Sifa ndiye wa kwanza kuuliza: "Na kitabu? Kule tutasomewa nini?"

Wakanigeukia wote. Isipokuwa Furaha. Mdogo wangu alikuwa anakata uzi kwa meno, macho kwenye kaptula. Hakupiga kelele, hakuuliza kitu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejua kwa nini Furaha alikuwa kimya. Faili yao ya kuhamishiwa nje imepita. Norwe. Tena kule juu kabisa ya Norwe, mume wake Innocent kanionyesha kwenye simu, karibu ramani inaisha. Yeye, Furaha na Keza, mtoto wao. Wakati wowote wataitwa.

Mimi simo. Innocent ni Mnyarwanda, aliandikishwa na wazazi wake zamani, Furaha akaingia kwenye faili yake alipoolewa. Mimi ni dada tu. Kwa ofisi, dada si familia.

Nilimbeba mgongoni kutoka Bukavu. Nilimlisha. Nilimpeleka shule hapa hapa, mpaka akamaliza kidato cha nne kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Dada si familia.

Nimefurahi. Sijafurahi. Yote mawili, na sijui nifanye nini nayo.

Halafu Furaha, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, akaniambia, akiwa ameshika sufuria: "Yaya, mi sitaenda. Ile baridi itaniua."

Huyu ni mtu ambaye mwezi wa saba, upepo wa Dowa ukianza, anavaa sweta mbili na soksi za mume wake. Anashona na blanketi mabegani. Lakini si baridi peke yake. Alipokuwa anasema baridi alikuwa ananitazama mimi.

Akikataa, wote watatu wanabaki. Faili ni moja. Na hakuna anayejua kama itafunguliwa tena.

Ijumaa, 10 Oktoba

Pasta anasema nimzoeshe taratibu. Rahisi kusema. Nimzoeshe Norwe hapa Dzaleka, jua hili, vumbi hili? Nimfungie ndani ya friji ya mwenye duka?

Lakini nimepata wazo. Kitabu cha ziwani kiwe cha baridi. Kitabu ambacho watu wanaishi ndani ya theluji, wanapika, wanaoana, wanagombana na wakwe. Nisimhubirie. Asikie tu, amelala mchangani, tumbo limeshiba samaki. Aone kuwa kule nako kuna watu.

Mama Sifa kaafiki bila kujua mpango. Joto la Salima, anasema, litahitaji kitu cha kupoza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda Old Town, Lilongwe. Ruhusa ilipatikana, ya siku moja. Joto la kuchoma. Nimepita nyuma ya depo ya mabasi, kwenye marundo ya kaunjika, mitumba, hadi kwa yule anayetandaza vitabu kando ya wauza nguo. Nimemwambia nataka baridi. Theluji. Kitabu cha kusomea ziwani.

Alicheka mpaka jirani yake akageuka. "Amayi," akasema, watu wanaokwenda ziwani wanataka vitabu vya ziwani. Nikamwambia atafute.

Cha kwanza: theluji jaladani, na juu ya theluji damu. Aliapa kuwa ni kizuri, kila anayekinunua anarudi kutafuta kingine. Maiti ukurasa wa kwanza. Nikamrudishia.

Cha pili: wanaume na mbwa wanavuta mizigo kwenye barafu. Jalada zuri. Nyuma yake wanaeleza kuwa waliishiwa chakula wakala mbwa. Hapana.

Cha tatu: mapenzi. Milima myeupe jaladani. Ukurasa wa kwanza watu wako juani wamevua viatu. Nikamwuliza theluji iko wapi. Akanionyesha mstari: barafu ndani ya glasi. Nilitaka kumpiga nacho.

Cha nne kilikuwa chini kabisa, kimekunjamana kona. Dirisha moja lenye taa. Nje theluji mpaka kizingitini. Nyuma nimeelewa hivi: dada wawili, nyumba kando ya ziwa, msimu mmoja wa baridi. Nikafungua mwanzo. Wanaoka mikate. Mdogo anaimba, mkubwa anamkemea asimwage unga.

Nikasimama pale na kitabu mkononi kama mtu aliyeona ndugu yake sokoni. Hiki.

Muuzaji akaniuliza kama nina hakika, maana hakijui. Nikasema nina hakika. Sikuwa na hakika. Jalada, nyuma, ukurasa wa kwanza. Ndivyo nilivyochagua vyote.

Jumanne, 14 Oktoba

Furaha hasemi na Innocent. Innocent hasemi na mtu. Jioni amekuja kwangu, amekaa kwenye kiti, amezungusha kofia mkononi, amekunywa chai, ameondoka. Alichotaka kusema nimekielewa. Nimlazimishe. Mimi! Nimlazimishe mtu wangu wa pekee apande ndege aniache hapa.

Nitafanya hivyo hivyo. Ndicho kinachoniumiza. Sina hata nafasi ya kutaka kitu kingine.

Jumamosi, 18 Oktoba

Akina mama wamekiona kitabu. Wamekipitisha mkono kwa mkono. Mama Sifa kanusa kurasa, kasema kinanuka baridi kweli. Kinanuka panya.

Furaha kaangalia jalada kwa muda mrefu. Kanirudishia. Aliona nimeshakunja kona ya ukurasa wa kwanza, akainyoosha kwa ukucha. Hapendi nikikunja. Yeye akisoma chochote, hata gazeti, anaweka uzi. Ule mwekundu wa kushikiza, anakata kipande, analaza kwenye ukurasa. Tangu utotoni.

Anajua ninachofanya. Si mjinga.

Ijumaa, 24 Oktoba. Salima

Tumefika. Ziwa! Mama Sifa kasimama na viatu vyake mkononi, kasema tu "Yesu wangu." Halafu kaingia na kitenge chote mpaka kiunoni.

Mimi nilikumbuka Kivu. Maji ya Kivu yako chini, unayatazama kutoka mlimani. Haya yako usawa wa macho, na joto linapanda kutoka mchangani mpaka kwenye meno.

Tumekaa chini ya paa la nyasi. Hata likizo wameleta kazi, vitenge vya kupinda na sindano. Hawawezi kusikiliza mikono ikiwa mitupu. Nimefungua kitabu.

Dada mkubwa ni Marta, mdogo ni Elin. Wako peke yao, wazazi wamekufa. Majira yanaanza kugeuka. Nimesoma jinsi wanavyopanga kuni ukutani, wanavyotia samaki chumvi, wanavyoziba dirisha kwa matambara. Akina mama wamependa kuni. Kuni wanazijua.

Halafu ikaja sehemu ya jirani yao. Anamvika mtoto mchanga sufu, anamweka kwenye kigari, anamtoa nje alale. Kwenye theluji! Ili apate hewa safi, kitabu kinasema. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Mama Sifa kapiga yowe. Wamemlaani yule jirani, mama yake na ukoo wake.

Furaha kacheka. Kacheka mpaka kamwamsha Keza. Wiki ngapi sijasikia kicheko kile.

Akaanza kuuliza. Wanachoma kuni gani? Wananyoa nywele wakati wa baridi au wanaziacha? Maji ya kunywa yanatoka wapi kama kila kitu kimeganda? Nilijibu nilichoweza, vingine nikatunga.

Ziwa lao linafunga. Ndivyo kitabu kinavyosema, linafunga kama mlango. Ng'ambo kuna kijiji na mwanaume ambaye Elin anampenda. Elin anataka kukatisha juu ya ziwa. Marta anamwambia zunguka kwa barabara, ni mbali lakini utafika. Hapo nikafunga kitabu. Joto lilikuwa limenizidi.

Nimelala mchana wote kama gogo, kitabu kando ya kichwa. Jua lilipopoa ndipo nimeamka. Furaha alikuwa ameshampeleka Keza majini. Walikuwa wazuri kutazama. Nimelia kidogo. Hakuna aliyeona.

Jumamosi, 25 Oktoba. Salima

Nimefanya kitu. Naandika ili nikione.

Asubuhi wote wamekaa mapema. Furaha kaja mbele kabisa, Keza mapajani. Nimeanza pale tulipoishia. Elin hamsikilizi Marta. Anatoka wakati Marta yuko zizini. Anakanyaga ziwa. Barafu changa, ya mwanzo wa majira. Anatembea. Taa za kijiji zinaonekana.

Macho yangu huwa mistari miwili mbele ya mdomo. Ndiyo kazi yenyewe. Nikaona neno. Barafu ikapasuka.

Nikaona mistari mingine. Hakuna aliyemtoa.

Mdomo haukusimama. Namshukuru Mungu au namlaumu, sijui. Mdomo ukasema: akafika. Akakanyaga nchi kavu, akafuta theluji kwenye viatu, akagonga. Wakamfungulia. Wakamkalisha karibu na moto wakampa kahawa na mkate wenye siagi.

Macho yalikuwa yanasoma Marta anatoka na wanaume na miti mirefu, wanachomachoma maji. Mdomo ukasema mama mkwe alimpenda Elin siku ileile. Nikafunua ukurasa. Marta anaita jina lake. Mdomo ukasema watu wakaleta vinanda. Nikafunua. Nikafunua tena. Nilisoma harusi nzima kutoka kwenye kurasa za msiba. Na nguo ya bibi harusi, maana Mama Sifa aliuliza mikono yake ilikuwa mirefu au mifupi. Nikasema mirefu. Nikasema ina vifungo vya mfupa.

Jasho lilikuwa linadondoka kwenye karatasi. Wakadhani ni joto.

Mimi huwaokoa watoto wa vitabuni, ndiyo. Huruka sentensi moja, mbili. Sijawahi kuzika kitabu kizima.

Nikafunga kitabu. Akina mama wanafuta machozi ya furaha kwa vitenge. Furaha alikuwa ananitazama tu. Muda mrefu. Halafu kasema, mbele ya wote, sauti ya kawaida kabisa:

"Basi, Yaya. Mi nitaenda."

Wakamrukia. Vigelegele mpaka wavuvi wakasimama kutazama. Mimi nilikaa na kitabu mapajani. Nilichokitaka nimekipata.

Jumapili, 26 Oktoba. Salima

Ibada mchangani. Sikusikia neno.

Kitabu kiko chini ya begi, ndani ya kitenge, na kitenge ndani ya kitenge kingine. Mama Sifa anataka nirudie harusi. Nimesema macho yanauma. Ukweli ni kwamba sikumbuki nilichosema.

Tumeondoka mchana. Furaha kaoga mara ya mwisho, kachota mchanga kidogo kafunga kwenye pindo la kitenge. Kama mtu anayekwenda.

Jumatano, 29 Oktoba

Leo nilikuwa natia kifungo nikajichoma sindano mpaka damu, maana wazo lilinijia ghafla. Nimemwambia barafu inashika.

Nimemwambia mtu asiyejua barafu, anayekwenda mahali penye maziwa kila upande, kwamba unaweza kukatisha ziwa mwanzoni mwa baridi, ukafika ng'ambo, ukapewa kahawa. Marta alisema zunguka. Mimi nikamfanya Marta mwoga na Elin mwenye akili.

Furaha ananiamini. Tangu akiwa mgongoni.

Nikimwambia ukweli atakataa kwenda. Nisipomwambia atakwenda na ule uongo miguuni. Nimezunguka atelie nikitafuta mlango wa tatu. Hakuna.

Jumatano, 5 Novemba

Wameitwa. Tarehe 17. Siku kumi na mbili. Innocent katabasamu kwa mara ya kwanza nikaona meno yake yote.

Furaha kaja kuomba kitabu. Anasema atakisoma ndani ya ndege. Nikasema nimemwazima mke wa pasta. Akasema sawa. Hakuuliza tena. Mke wa pasta hajui hata Kiingereza cha kuuliza bei, na Furaha anajua hajui.

Jumanne, 11 Novemba

Tunamshonea koti. Atelie nzima. Mama Sifa alileta mablanketi mawili ya sufu kutoka marundo ya Old Town, la kijivu nje, la bluu ndani. Hakuna kati yetu aliyewahi kushona koti la baridi ya namna hiyo. Tumeongeza tabaka. Halafu tabaka jingine. Sasa linasimama lenyewe mezani bila mtu. Furaha kalijaribu, mikono haishuki. Tumecheka mpaka mbavu zinauma, joto la Novemba, yeye katikati analowa jasho kama yuko ndani ya chungu.

Vifungo nimetia mimi. Nimetia kila kimoja mara tatu. Ndicho ninachojua.

Nilitaka kumwambia pale alipokuwa amefungwa mikono. Nilisema, "Furaha, ile barafu." Akasema, "Nini, Yaya?" Nikasema koti litazuia.

Mwoga. Mimi ndiye mwoga.

Jumapili, 16 Novemba

Kanisani wamewaombea. Tumekula nyumbani kwao, sombe ya majani ya muhogo na samaki, watu wengi, watoto wengi. Vitu vyao vimeshagawanywa. Mimi nimepewa sufuria ile aliyoishika siku aliyokataa kwenda. Sikuitaka.

Nimeamua. Kesho nitampa kitabu mkononi akiwa anapanda basi. Atasoma angani. Akiwa angani hawezi kurudi, na akishasoma hatakanyaga. Atajua kuwa nilimdanganya. Anichukie akiwa hai. Si uamuzi mzuri, ila sina mwingine.

Jumatatu, 17 Novemba

Basi lilikuja asubuhi. Watu wa faili nyingine pia, kila mmoja na mfuko wa karatasi zake, vilio, majina yanasomwa. Innocent alinipa mkono kwa mikono miwili, akainama. Keza alikuwa na usingizi. Koti lilikuwa limefungwa kamba kama mzigo wa maharage.

Furaha kanishika. Hakulia. Nilingoja aweke mguu kwenye ngazi, nikampa kitabu. Nikasema soma mpaka mwisho.

Akakitazama. Akanitazama mimi. Akanirudishia, akanikunjia vidole juu yake.

"Bakia nayo, Yaya. Ile ulisoma ku ziwa inanitosha."

Nikasukuma tena. Nikasema chukua, chukua tafadhali. Mtu wa orodha akasema mama ondoka mlangoni. Mlango ukafungwa.

Vumbi. Kabaza mmoja, mwendesha baiskeli ya abiria, akaniuliza kama nakwenda mahali. Nikasema hapana. Nikasimama tu. Sijui nilisimama kwa muda gani.

Ijumaa, 28 Novemba

Wamefika. Innocent katuma picha moja, mlango wa nyumba, nje giza, saa nane mchana. Furaha hasemi mengi. Anasema yuko na kazi nyingi, mafunzo, karatasi.

Nimemwandikia: usitembee juu ya ziwa. Nikafuta. Nikaandika: kule mabwawa ni hatari. Nikafuta. Nitaeleza vipi bila kueleza? Nikatuma: vaa soksi.

Atelie wanataka kitabu kipya. Nimesema sijapata. Natia vifungo kimya kimya. Kimya kinamkera Mama Sifa kuliko mtu mwingine. Kasema heri hata wanisikilize nikihesabu vifungo.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua imeanza vizuri. Atelie haikufunguliwa, paa linavuja kwenye mashine. Nimekaa nyumbani. Nimetoa kitabu ndani ya vitenge vyote viwili nikakisoma. Peke yangu, mpaka mwisho, kama kilivyoandikwa.

Hawampati. Marta anaweka taa dirishani kila jioni. Baridi inaisha, ziwa linafunguka, watu wanarudisha mitumbwi. Marta anaoka mkate. Anamwaga unga, hakuna wa kumkemea. Basi. Mwandishi hana huruma hata kidogo.

Ukurasa wa mwisho kulikuwa na uzi.

Mwekundu. Wa kushikiza. Kipande kifupi, kimelazwa sawasawa katikati, na chembe za mchanga kwenye mshono wa kitabu.

Kitabu hiki hakijawahi kurudi mchangani baada ya Jumamosi ile. Niliporudi ndani nilikificha, hakikutoka tena mpaka siku ya basi. Imebaki Ijumaa tu. Nililala mchana wote, kitabu kando ya kichwa changu.

Alikisoma chote. Kwa Kiingereza chake kizuri. Jumamosi asubuhi alipokuja kukaa mbele, alikuwa anajua. Alikaa pale na Keza mapajani, ananitazama nikimtoa majini msichana aliyekwisha zama. Nikimvalisha gauni. Vifungo vya mfupa.

Halafu akasema atakwenda.

Nimejaribu kukasirika. Nimeshindwa. Nimekaa na uzi ule kwenye kiganja mpaka mvua ikakatika.

Jumanne, 16 Desemba

Kaptula tena. Shule zitafunguliwa mwezi ujao. Kaki.

Ujumbe wa sauti umeingia asubuhi, tukiwa tumekaa. Nimeuweka kwa sauti kubwa, wote wasikie. Upepo kwanza, na miguu inakanyaga kitu kinachokwaruza. Halafu yeye, anahema.

"Yaya, jambo. Keza iko muzima. Leo balimulalisha inje ku krèche ya batoto, mi njo nililia, yeye alilala. Ziwa ya huku imefunga. Bantu banapita juu, hata batoto, hata motokari. Mi nazungukaka ku barabara. Ni mbali, lakini nafika. Koti inachekesha bantu. Salimia bamama."

Mama Sifa kasema nirudishe mwanzo. Nimerudisha. Tukasikiliza tena miguu yake.

Halafu kauliza kama nimepata kitabu. Nimesema bado, Jumamosi nitaomba ruhusa niende Old Town. Kataka safari hii kiwe cha joto. Nimesema nitaangalia.

Nimechukua kifungo kingine.